Saini ya Saba

Twaanza kwa jina Lake Yeye ambaye hakuna kifua kinachopanda wala kushuka ila kwa idhini Yake. Atoaye pumzi bila kutozwa na kuitwaa bila kuulizwa. Twamshukuru kwa yaliyo dhahiri na yaliyositirika, twamwombea rehema na amani Mtume Wake mwaminifu pamoja na jamaa na sahaba zake, kisha twaomba hifadhi kutokana na shari ya ndimi zetu na, iliyo kubwa kuliko hiyo, shari ya kalamu zetu.

Baada ya hayo, ni adabu kuwapanga watu wa kisa kama zipangwavyo safu, ili asije msomaji akauliza huyu ni nani na yule katokea wapi.

Wa kwanza ni mbunge, mwanamke wa makamo, aliyekuwa karani wa mahakama kwa miaka ishirini kabla ya kuingia katika siasa. Bungeni walimwita Bi Nyongeza, kwa kuwa kila Waziri alipomaliza kujibu na kuketi, yeye alisimama tena na swali la nyongeza. Wa pili ni mumewe, Mwalimu, mtu mpole apendaye beti kuliko chakula. Wa tatu ni dada yake huyo Mwalimu, yaani wifi yake Bi Nyongeza: muuguzi, mjane, mama wa watoto wawili walioko shuleni, aliyebakiwa na miaka minne tu ya kazi kabla ya kustaafu. Wa nne ni Mnadhimu, ambaye kazi yake ni kuhakikisha kwamba wabunge wa upande wa Serikali wanasimama pamoja na kuketi pamoja. Ama Waziri na Spika, hao wanatambulika kwa vyeo vyao.

Jambo lenyewe lilikuwa mtambo wa kuzalisha hewa ya oksijeni. Bunge lilikuwa limepitisha fedha zake, na katika ua wa hospitali, nyuma ya wodi ya wagonjwa wa kifua, ilijengwa nyumba ndogo yenye paa jipya na mlango wa chuma wa buluu. Taarifa za Serikali zilisema mtambo umo ndani na unafanya kazi. Lakini wifi yake Bi Nyongeza, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wa zamu katika wodi ile, aliendelea kuhesabu mitungi iletwayo na lori siku lori lilipopenda kuja. Na siku lilipokosa kuja, aliamua yeye ni mgonjwa gani atangulie na ni yupi asubiri. Hilo ndilo alilomweleza Bi Nyongeza, nalo ndilo lililoandikwa katika orodha ya shughuli za Bunge kuwa swali namba thelathini na moja.

Asubuhi ya swali, Waziri alisimama, akarekebisha miwani, akasoma kwa sauti ya utulivu.

"Mheshimiwa Spika, napenda kumjulisha Mheshimiwa Mbunge kwamba mtambo huo ulikamilika mwaka jana, umekaguliwa, na unatoa huduma kwa wananchi."

Bi Nyongeza akasimama. Nyuma yake mtu alinong'ona, "Haya, nyongeza hiyo," na wenzake wakacheka chini chini.

"Mheshimiwa Spika, kama mtambo unatoa huduma, kwa nini lori la mitungi bado linakwenda pale kila wiki?"

"Mheshimiwa Spika," alijibu Waziri, "hata mwenye gari zima hubeba gurudumu la akiba. Ama Mheshimiwa lake likipata pancha huliacha njiani akarudi kwa miguu?"

Ukumbi uliangua kicheko, na kicheko kile ndicho kilichomponza. Maneno aliyoyaandaa yalikuwa mengine kabisa, yamepimwa na kuandikwa; lakini mtu aliyechekwa hatazami karatasi.

"Hakuna mtambo!" alisema. "Ndani ya nyumba ile kuna vitanda vibovu na magodoro yaliyochanika, basi!"

Spika aligonga meza. Alikuwa hakimu zamani, na alipouliza swali alimtazama mtu kana kwamba yuko kizimbani.

"Umeviona vitanda hivyo kwa macho yako, Mheshimiwa?"

Bi Nyongeza alishusha macho kwenye karatasi yake.

"Basi kanuni ni hizi. Kesho saa tatu, tukianza shughuli, utaleta uthibitisho wa maandishi. Maandishi yenyewe halisi, si picha ya simu. Au utafuta kauli yako. Usipofanya moja kati ya mawili hayo, Bunge litakushughulikia."

Aliketi, akasahau kukusanya karatasi zake. Wenzake walidhani anamhofia Spika. La, alikuwa anaviwazia vitanda. Watu waliowahi kuingia nyumba ile walikuwa watatu tu: mganga mfawidhi, ambaye ndiye mkuu wa hospitali, mtunza ghala, na wifi yake, aliyefunguliwa na mtunza ghala siku moja tu kutafuta kitanda cha ziada wodi ilipofurika. Kwa kutaja vitanda, alikuwa amemtaja wifi yake mbele ya taifa zima, na jina lake hakulitamka.

Saa nane mchana mlango wa nyumba aliyopanga karibu na Bunge uligongwa. Mwalimu ndiye aliyefungua. Dada yake alisimama kizingitini, macho mekundu kwa kukosa usingizi, amekumbatia mkoba kama mtu anayehofia kuibiwa.

"Karibu, dada."

"Sikukaribia kwa heri, kaka. Yuko wapi wifi yangu mwenye mdomo wa dhahabu?"

Bi Nyongeza alitoka chumbani. Hawakupeana mikono.

"Wifi," alisema muuguzi, "mlango wa mtambo una kufuli. Mdomo wako umekosa nini?"

"Nisamehe."

"Nitakusamehe nikishastaafu. Nimetoka zamu ya usiku saa moja, sijaweka ubavu chini, saa nne tunaitwa wote. Mganga mfawidhi kasimama mbele yetu, kashika ufunguo hivi, anauliza: nani aliyewahi kufungua mlango ule? Mtunza ghala akatazama dari. Mimi nikatazama viatu vyangu. Wifi, nimevitazama viatu vile mpaka nikaujua kila uzi."

"Hukujibu?"

"Nilijibu nini? Kasema kesho atauliza tena, mmoja mmoja." Alivuta kiti, akaketi, akakataa chai kwa mkono. "Mchuma janga hula na wa kwao. Wewe umechuma, na wa kwenu ndiye mimi. Vizuri. Sasa tule."

Akafungua mkoba akatoa kitu kilichofungwa kwa taulo. Kilikuwa daftari kubwa lenye jalada gumu, pembe zake zimelegea kwa kushikwa. Lilikuwa daftari la makabidhiano ya zamu. Kila siku, zamu moja ilipoipisha nyingine, muuguzi mkuu aliandika humo idadi ya wagonjwa, dawa zilizobaki, na mitungi: mingapi mizima, mingapi mitupu. Bi Nyongeza alifungua ukurasa, kisha mwingine. *Mitungi mizima: miwili. Wagonjwa wanaohitaji: watano. Lori halikuja.* Chini yake saini. Ukurasa uliofuata, saini ile ile. Na uliofuata.

"Spika anataka maandishi halisi," alisema wifi yake. "Nilisikia redioni. Haya ndiyo halisi. Lakini uyajue: kila ukurasa una jina langu. Ukiliweka daftari hili mezani kwa Spika, umeniweka mimi juu yake. Na daftari hili hufunguliwa mara mbili tu kwa siku. Jioni ya leo, saa kumi na mbili, zamu inabadilika. Lisipokuwepo kwenye mtoto wa meza, hakuna haja ya mganga mfawidhi kuuliza tena. Basi langu linaondoka saa tisa. Kwa hiyo una saa moja, Mheshimiwa."

Neno lile la mwisho alilitamka kama mtu anayemrudishia mwingine kitu chake.

Mwalimu alikuwa amesimama katikati ya chumba, birika mkononi, hajui amimine wapi.

"Mimi," alisema, "mke wangu huyu, dada yangu huyu. Nikisema huku nimeumia, nikisema kule nimeumia."

"Basi kaka nyamaza, umimine chai."

Akamimina, na chai ikafurika kikombe ikaenda kwenye kisahani.

Bi Nyongeza alizidi kupekua. Miaka ishirini ya mahakama ilikuwa imemfunza kuijua karatasi inayomfunga mtu, na karatasi ile ilikuwa ya namna hiyo. Kwa daftari lile angeshinda kesho kabla Waziri hajavaa miwani. Alimtazama wifi yake. Alikuwa na sare ya kazi bado, chini ya koti, na kwenye mfuko wa kifuani kalamu mbili, ya buluu na nyekundu. Ile nyekundu ilikuwa ya kuandikia vifo.

"Kwa nini umelileta, wifi, kama linakuangamiza?"

Muuguzi aliisukuma kalamu nyekundu chini kabisa ya mfuko.

"Kwa sababu juzi nilimwambia mama mmoja asubiri," alisema. "Basi. Usiniulize zaidi."

Saa tisa kasoro robo Bi Nyongeza alilifunga daftari, akalizungushia taulo, akalirudisha ndani ya mkoba kwa mikono yake mwenyewe.

"Nenda, wifi. Uwahi zamu."

"Na kesho utathibitisha na nini?"

"Sijui."

"Hujui!" Muuguzi alicheka kicheko kikavu. "Kaka, umeoa mwanamke asiyejua. Sisi tulidhani umeoa mwanasheria." Lakini pale mlangoni alimshika wifi yake mkono, akaubana kwa nguvu, akaenda.

Saa kumi na moja Mnadhimu alimkuta Bi Nyongeza katika chumba kidogo alichopewa kuwa ofisi, akiwa peke yake na faili tupu. Mnadhimu alikuwa mtu mnene, mcheshi, ambaye jioni ile ucheshi ulikuwa umemkimbia. Alifunga mlango, akavuta bahasha kwapani.

"Dada yangu, sikuja kukutisha."

"Asemaye hivyo huwa amekuja na kitu."

"Nimekuja na hiki." Akaweka nakala ya karatasi juu ya meza. "Hiki ndicho kiambatisho cha majibu ya Waziri. Chenyewe halisi kiko kwa karani wa Bunge tangu jana. Unaukumbuka ukurasa huu?"

Ulikuwa ukurasa wa kitabu cha wageni cha hospitali. Tarehe yake ilikuwa ya miezi minane nyuma, siku ambayo wabunge kumi na mmoja wa kamati, Mnadhimu akiwa mwenyekiti wao, walipita pale kukagua. Katika safu ya maoni, mstari wa kwanza ulisomeka: *Nimeuona mtambo. Hongereni kwa kazi njema.* Mstari wa pili: *Nimeuona mtambo. Hongereni kwa kazi njema.* Wa tatu vivyo hivyo. Bi Nyongeza alishuka nao kwa kidole, mstari kwa mstari, kama mtu anayeshuka ngazi gizani, mpaka wa saba. Mwandiko ulikuwa wake. Saini ilikuwa yake, na ule mkia mrefu aliozoea kuuvuta chini ya jina tangu siku za mahakama.

Alikuwa amesahau. Mbunge huandika katika vitabu vya wageni vingi kuliko barua azipelekazo kwa mama yake. Lakini sasa siku ile ilimrudia: jua kali, vumbi la ua, mlango wa buluu, na kufuli kubwa.

"Mlango ulikuwa umefungwa," alisema.

"Ulikuwa umefungwa."

"Wakasema mwenye ufunguo yuko mazikoni."

"Ndivyo walivyosema. Na mganga mfawidhi akasema mtambo umo humo ndani, Waheshimiwa. Dereva anapiga honi, wenzetu wana njaa, na kitabu kimeshafunguliwa mbele yangu na kalamu juu yake. Nikaandika ili tuondoke."

"Na sisi tukanakili."

"Dada yangu, ni kitabu cha wageni! Nani aandikaye ukweli katika kitabu cha wageni? Wa kwanza huandika, waliobaki huangalia wa juu kaandika nini."

Tangu asubuhi Bi Nyongeza alikuwa amemshika Waziri moyoni mwake kama mwongo. Kumbe Waziri alikuwa amesoma alichoandikiwa. Majibu yale ya Serikali yalisimama juu ya saini kumi na moja, na mojawapo ilikuwa yake. Uongo aliosimama kuupinga ulikuwa umetoka katika kalamu yake mwenyewe.

"Kesho," Mnadhimu aliendelea kwa sauti ya chini, "simama, sema 'nafuta kauli yangu,' keti. Pumzi moja tu. Waziri hatausoma ukurasa huu. Na yule mganga mfawidhi ni mtu tunayesikilizana; nitampigia, aache kuuliza maswali." Akasita. "Tunajua una wifi pale."

"Na nisipofuta?"

"Waziri atausoma. Utakuwa umeumbuka wewe, na sisi kumi pamoja nawe. Na simu ile sitaipiga. Si kwa ubaya, bali nitakuwa sina uso wa kuipiga." Alipangusa jasho la shingoni. "Mimi nina miaka sitini na mitatu, dada yangu. Sikupanga kumaliza hivi."

Alipotoka, Bi Nyongeza aliona kwamba mtu yule alikuwa na hofu kama yake, na hilo halikumfariji hata kidogo.

Aliporudi nyumbani alimweleza Mwalimu yote. Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho, akavua kofia, akaiweka gotini, kisha akasema ubeti, kama alivyozoea kila maneno ya kawaida yalipomkataa:

*Ulimi ukishateta, kuurudi ni muhali,*
*na mkono ulopita, wino haufuti kweli.*

"Baba watoto, sikukuomba shairi. Nakuomba shauri."

"Shauri sina. Mwenye shauri ni yule ambaye shingo yake imo ndani. Mpigie."

Walisubiri mpaka saa moja jioni, zamu iwe imekwisha kukabidhiana. Simu iliita mara ya kwanza ikakatika. Mara ya pili ikakatika. Bi Nyongeza aliona kwa macho ya moyo daftari limeshikwa, wifi yake amesimamishwa katikati ya wodi, na wagonjwa wameinua vichwa. Mara ya tatu ilipokelewa.

"Liko mahali pake," ilisema sauti. "Niliingia dakika tano kabla. Dakika tano, wifi! Nimetembea kama mwizi katika wodi yangu mwenyewe. Unasemaje?"

Akamweleza. Hakupunguza kitu: kufuli, honi, kitabu, mstari wa saba. Upande wa pili alisikia mtu akikohoa kwa mbali, kikohozi kirefu kisichofika mwisho wake.

"Kumbe," alisema wifi yake hatimaye. "Miezi minane nasukuma mitungi, kumbe mtambo umeshasainiwa na mke wa kaka yangu. Hongereni kwa kazi njema!"

"Nastahili lolote utakalosema."

"Nitalisema nikipata nafasi, na litakuwa refu. Sasa nisikilize. Mnadhimu anataka ufute vyote, sivyo?"

"Ndiyo. Nikifuta, wewe umesalimika."

"Na wodi?"

Bi Nyongeza hakujibu.

"Basi gawanya," alisema muuguzi. "Vitanda ni vyangu, mimi ndiye niliyeviona. Kufuli ni lako, wewe ndiwe uliyeliona. Mimi sikuambii unibebee, nami usinibebeshe. Kila mtu abebe chake. Nenda, naitwa."

Usiku ule ulikuwa mrefu, na hauna la kusimulika.

Saa tatu kamili dua ya kufungulia Bunge ilisomwa. Bi Nyongeza aliitikia "Amina" na sauti yake ikamshangaza kwa udogo. Ng'ambo ya ukumbi Waziri alikuwa na bahasha mbele yake. Mnadhimu hakutazama upande wowote. Alikuwa akizungusha pete kidoleni, akizungusha, akizungusha.

"Mheshimiwa wa swali namba thelathini na moja," aliita Spika. "Jana nilikupa mawili. Umechagua lipi?"

Alisimama.

"Mheshimiwa Spika, jana nilisema kwamba ndani ya nyumba ile kuna vitanda vibovu. Sikuviona kwa macho yangu. Nafuta vitanda, na magodoro pia nayafuta. Naomba visiwemo katika kumbukumbu rasmi za Bunge."

Makofi yalilipuka upande wa Serikali. Mnadhimu alifumba macho kama mtu aliyeteremshiwa mzigo. Spika alikwisha kuinua kalamu kuandika.

"Lakini kauli yangu juu ya mtambo siifuti, Mheshimiwa Spika."

Kalamu ikasimama.

"Uthibitisho wangu uko mezani kwako tangu juzi. Umeletwa na Serikali yenyewe. Ni kiambatisho cha majibu ya Waziri, ukurasa wa kitabu cha wageni."

Waziri aliruka. "Taarifa, Mheshimiwa Spika! Ukurasa huo unathibitisha kwamba mtambo upo! Na Mheshimiwa mwenyewe amesaini!"

"Mstari wa saba," alisema Bi Nyongeza. "Nilisaini. Na nilichoandika ni uongo. Sikuuona mtambo. Niliona mlango wa buluu wenye kufuli, na nilikuwa na njaa."

Hakuna aliyecheka. Ukumbi ule, uliozoea kucheka mtu akijikwaa, ulikuwa umenyamaza kama msikiti baada ya takbiri.

"Tulikuwa kumi na mmoja. Mheshimiwa Spika, naomba uusome ukurasa. Watu kumi na mmoja, maneno sita, yale yale, kwa mpangilio ule ule. Wewe umekuwa hakimu. Mashahidi kumi na mmoja wakija mbele yako na neno moja lisilotofautiana hata nukta, ungesema wameona, au ungesema wamenakili? Simtaji mwenzangu yeyote. Najitaja mimi. Naiomba tu Serikali isijenge hospitali juu ya saini yangu, maana haina uzito."

Spika alimpokea karani ukurasa, akausoma taratibu mpaka chini, kisha akapanda tena juu.

"Mheshimiwa Mnadhimu," alisema, "mstari wa kwanza ni wako. Mtambo huo una rangi gani?"

Mnadhimu alisimama. Aliutazama ukurasa mkononi mwa Spika.

"Mheshimiwa Spika," alisema, "naomba nipewe muda nikajibu kwa maandishi."

Hapo ndipo Bunge lilipocheka, pande zote mbili, kicheko kirefu kisicho na furaha. Na Mnadhimu aliketi, na ajabu ni kwamba alionekana kama mtu aliyepumua.

Spika aliamuru mambo mawili. La kwanza, kamati nyingine, isiyokuwa na hata mmoja wa wale kumi na mmoja, iende Jumatatu ikafunguliwe mlango ule mbele ya macho yake. La pili, kwa kuwa Bi Nyongeza amekiri kuweka saini yake chini ya jambo asilolijua, atolewe nje ya ukumbi na asihudhurie vikao kumi. Mpambe wa Bunge alimfuata, akamwinamia kwa heshima. "Nakuomba, mama," akasema. Bi Nyongeza akakusanya karatasi zake akatoka.

Katika ujia alikaa kwenye benchi la mbao. Mwalimu alikuwapo; alikuwa akisikiliza redio ya mlinzi. Simu ilikuwa katikati yao juu ya benchi, na wote wawili waliitazama. Ilikuwa saa nne, saa ambayo mganga mfawidhi alisema atauliza mmoja mmoja. Ikapita robo. Ikapita nusu. Mara mbili Mwalimu alinyoosha mkono aichukue, mara mbili akaurudisha.

Ilipoita, Bi Nyongeza nusura aiangushe.

"Wifi?"

"Ametuita," alisema muuguzi kwa haraka, kwa sauti ya mtu anayezungumza nyuma ya pazia. "Ufunguo mkononi, kama jana. Anauliza nani aliyesema habari za vitanda. Ukimya. Mimi tena na viatu vyangu. Mara mtunza ghala, yule ambaye hasemi hata salamu, akasema: 'Vitanda gani, daktari? Vimefutwa. Redio imesema vimefutwa. Kama vimefutwa, nani atakuwa amevisema?' Daktari akamtazama, akamtazama. Kisha kaenda zake ofisini na kufunga mlango."

"Kwa hiyo umesalimika?"

"Leo nimesalimika. Jumatatu sijui. Kuna lori limeingia ua wa nyuma sasa hivi. Wanasema ni la mchanga. Sijui limebeba nini, wala limekuja kubeba nini. Wifi, siku nne ni nyingi."

"Ni nyingi," alikubali Bi Nyongeza.

"Haya. Mitungi mizima leo mitatu. Wagonjwa sita. Naenda."

Simu ilinyamaza. Mwalimu akauliza amesema nini, na mkewe akamwambia, neno kwa neno. Kisha wakabaki pale kwenye benchi, maana nyumbani hapakuwa na la kufanya ila kusubiri, na kusubiri kwaweza kufanywa popote.

Ewe Mola wetu, Mfungua milango isiyo na funguo, wape subira hao waliobaki kuzihesabu siku. Mhifadhi muuguzi katika zamu yake, na wasitiri watoto wake. Mpe mtunza ghala malipo ya neno lake moja. Msamehe aliyeandika asilolijua, na wenzake kumi, na sisi ambao mistari yetu hatuikumbuki. Na wale sita walioko wodini waongezee pumzi kwa rehema Zako, mmoja baada ya mmoja, pasiwe na wa kuambiwa asubiri. Amina.